Mrejesho: waifu na yale maumivu ya shingo baada ya mafua

Wakuu habari zenu, ni yule wa Uyole niliyeomba ushauri kuhusu waifu, aliyepona mafua makali halafu shingo ikaanza kuuma mbele mpaka taya na sikio, moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka na baridi yote hii ya Mbeya. Wengi mlisema meno au tonsesi. Yule dada aliyesema apimwe tezi ya thairoidi, ile ya mbele ya shingo, Mungu akubariki sana.

Daktari alimgusa tu pale chini ya koromeo, akaruka kwenye kiti. Vipimo vya damu vikaja TSH (homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi ifanye kazi) iko chini kabisa, homoni za tezi zenyewe ziko juu, ESR (kipimo cha uvimbe mwilini) juu sana. Akasema ni tezi ya thairoidi imevimba baada ya virusi, inavujisha homoni ilizokuwa imezihifadhi, haizalishi nyingi kupita kiasi, ndo maana zile dawa za kuzuia tezi kutengeneza homoni hazisaidii hapa. Na antibaotiki alizokuwa anameza bure tu jamani, hela yetu imeenda!

Alianza na ibuprofeni, haikutosha, akaandikiwa prednisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe) na propranololi ya mapigo ya moyo. Aisee prednisoloni ile, ndani ya siku mbili anageuza shingo na kufunga kitenge kichwani mwenyewe. Ila msiikatishe ghafla, inapunguzwa taratibu.

Sasa hivi maumivu hamna, ila amekuwa mchovu na baridi anaisikia kuliko sisi wote. Tumeambiwa homoni za tezi zinaweza kushuka kwa muda kabla tezi haijakaa sawa, wengi hurudi kawaida, wachache hubaki na dawa za homoni hiyo. TSH tunarudia mwezi ujao.