Mrejesho: zana za kukagua tovuti kwa ajili ya wasioona

Wakuu, niliuliza zana gani ya kivinjari itanionyesha kwa nini mwanachama wetu asiyeona hawezi kujaza fomu ya mkopo kwenye tovuti ya saccos yetu. Asanteni kwa majibu, nimezijaribu zote mlizotaja.

Lighthouse, ile iliyomo ndani ya Chrome, iliipa fomu alama 100. Nikacheka. WAVE ndiyo iliyoanza kusema ukweli: inabandika alama juu ya ukurasa wenyewe, hivyo hata katibu asiyejua kuandika programu aliona picha ambayo maelezo yake mbadala (yale anayosomewa asiyeona) ni "IMG_2034.jpg". Nayo maandishi ya kijivu (rangi #999999) juu ya nyeupe kwenye ukurasa mwingine hayakufika hata uwiano wa utofauti wa 3:1 kati ya maandishi na usuli, wakati WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na wenye ulemavu, inataka angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida. Tumeweka kijivu cheusi zaidi, #595959, sasa ni 7:1. Axe ni nzuri pia, ila ni ya fundi zaidi.

Tatizo lenyewe hakuna zana iliyolikamata. Niliweka mausi pembeni nikatembea kwenye fomu kwa kitufe cha Tab cha kibodi, kama afanyavyo asiyeona: nikafika kwenye sehemu ya kiasi, kisha muda wa marejesho, kisha nikaruka moja kwa moja hadi chini ya ukurasa. "Tuma Maombi" ilikuwa div, yaani kisanduku cha kawaida cha HTML ambacho Tab hakikifikii, iliyopakwa rangi ifanane na kitufe! Fundi ameibadilisha kuwa button halisi, NVDA, programu inayomsomea asiyeona skrini kwa sauti, inaitamka vizuri, na mwanachama ametuma ombi lake mwenyewe.

Kilichobaki ni fomu ya PDF ya wadhamini, ambayo ni picha tu iliyoskaniwa, isiyo na maandishi ya kusomwa na NVDA. Mwenye uzoefu nayo anijuze.