Wanafunzi wa uzamili mtandaoni wanayeyuka kuanzia wiki ya tatu, nifanyeje?

MkufunziMgeni
Habari wakuu. Nina wanafunzi 25 wa shahada ya uzamili, moduli ya wiki 12, kila kitu kiko Moodle, ule mfumo wa kufundishia mtandaoni. Wengi wameajiriwa na wapo kwenye majira tofauti ya saa. Wiki mbili za kwanza mijadala inachangamka, ya tatu wanabaki watano au sita. Nabandika matangazo ya kuwakumbusha, kimya. Halafu kusahihisha insha moja ya maneno 3,000 kunanila saa nzima. Nianzie wapi?

Mlezi_wa_Moduli
Achana na matangazo. Tangazo la wote kila mmoja anadhani anaambiwa mwenzake.

Fungua kumbukumbu za mfumo, uangalie mambo mawili kwa kila aliyenyamaza: aliingia lini mara ya mwisho, na alifungua nini. Aliyefungua maelekezo ya zoezi mara nne bila kutuma chochote, muda anao; swali ndilo hajalielewa. Ambaye hajaingia kabisa kwa siku saba, mara nyingi kabanwa na kazi, ugonjwa au ada. Hao wawili huwezi kuwaandikia ujumbe mmoja. Wa kwanza mwandikie hivi:

"Naona umefungua maelekezo ya zoezi la 1. Nitumie sentensi tatu tu kuhusu mada unayoifikiria, kabla ya Alhamisi. Nitakujibu Ijumaa."

Kazi ndogo, siku maalumu, na wewe ujifunge kwa tarehe. "Ukiwa na swali niulize" haijibiwi, kwa sababu aliyekwama hata swali lenyewe hajui aliulizeje. Wa pili mwulize kwanza hali yake, kisha mweleze utaratibu wa kuongezewa muda kabla tarehe ya mwisho haijapita. Ikishapita, mara nyingi uamuzi hauko tena mikononi mwako.

Mijadala nayo: watu 25 kwenye uzi mmoja ni wengi mno. Wa saba kuingia anakuta yote yameshasemwa. Wagawe makundi ya wanane wanane hivi, na utumie lile jukwaa la maswali na majibu, ambalo mtu haoni michango ya wenzake mpaka aweke wake. Angalizo: michango inafunguka baada ya muda wa kuhariri kwisha, kwa kawaida dakika 30. Waambie mapema, la sivyo utaletewa malalamiko kwamba mfumo umeharibika.

KalamuNyekundu
Kwenye kusahihisha, saa nzima inaliwa na sarufi. Rekebisha lugha ukurasa wa kwanza tu, kisha andika: "makosa ya aina hii yapo hadi mwisho, yatafute." Soma insha tano bila kutoa alama ili upate kipimo, ndipo urudi mwanzo. Kila mmoja mpe hoja tatu: moja ya kuendeleza, mbili za kubadilisha kwenye zoezi linalofuata. Mrejesho ukifika baada ya zoezi la pili kutumwa, umefanya kazi ya bure.

Asilimia ya Turnitin (programu inayoonyesha ni kiasi gani cha insha kinafanana na maandishi mengine) nayo isikutishe wala isikulaze. 25% iliyotapakaa kwenye marejeo na nukuu inaweza isiwe kitu. 8% iliyokaa aya moja nzima bila nukuu ndiyo ya kufuatilia.

SaaNgapi
Ratiba ziandike kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, na tarakimu za saa 24. "Saa kumi na moja" mwingine ataisoma 11:00 wakati wewe unamaanisha 17:00. Moodle humwonyesha kila mtu tarehe ya mwisho kwa saa iliyo kwenye wasifu wake, kwa hiyo wiki ya kwanza wape kazi ya kuhakiki mpangilio huo. Machi kuwe na tahadhari zaidi: Marekani husogeza saa Jumapili ya pili, Ulaya Jumapili ya mwisho, na hapo katikati kipindi cha moja kwa moja kinawapita watu.

MkufunziMgeni
Nimeelewa. Na kundi la wanane wakitoroka watano?

Mlezi_wa_Moduli
Waunganishe waliobaki na kundi jingine ndani ya wiki hiyohiyo. Watatu hawawezi kuubeba mjadala, nao watatoroka vilevile.