Riwaya zipi mtu aliyesoma hapaswi kuzikosa? Tuko Mbeya, tuna mwaka mmoja

Mwana_Uyole

Wakuu, habari za mvua. Tuko saba hapa Uyole, wahasibu na mafundi mitambo, na riwaya tulizosoma ni zile za mtihani tu: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, basi. Tunataka mwaka mmoja wa kusoma riwaya ambazo mtu akijiita msomi aone haya kutozijua. Orodha za mtandaoni zinaanza na Warusi zinaishia na Wamarekani, na kila moja ina vitabu mia.

Uwezo wetu ni kurasa kumi kwa siku, Kiingereza cha ofisini, na vitabu vipatikane bila kupanda basi hadi Dar. Tuanze na zipi, zifuatane vipi, na watu huwa wanakwama wapi? Picha za makabati ya vitabu hatuhitaji.

Karani_wa_Vitabu

Mkuu, anza na hesabu. Kurasa kumi kwa siku ni 300 kwa mwezi. Riwaya nyingi kuu za Kiswahili hazifiki hapo, kwa hiyo weka moja kwa mwezi, na siku zinazobaki ziwe za misiba, mavuno na umeme kukatika. Toa miezi miwili ya dharura. Mwaka wenu una riwaya kumi, hizo mia ni za kumtisha mtu tu.

Ya kwanza iwe Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammad Said Abdulla, 1960. Ni ya upelelezi: Bwana Msa na kiko chake, Najum pembeni anauliza maswali ambayo wewe mwenyewe ungeuliza. Iko mwanzoni kwa sababu inarudisha pumzi ya kusoma kwa mtu aliyezoea kusoma ripoti. Ukianza na Nagona ya Kezilahabi kwa kuwa umeiona nyembamba, kikundi kitavunjika mwezi huo huo. Wembamba wa Nagona na Mzingile unadanganya: ni fumbo juu ya fumbo, hakuna kisa cha kushika mkononi, na anayezifaidi ni yule aliyekwisha kumsoma Kezilahabi wa awali. Ziweke mwisho kabisa.

Ya pili ni Kusadikika ya Shaaban Robert, na hapa nikae kidogo maana ndipo wengi wanapofungia kitabu. Wanakuta sentensi ndefu zenye maadili, wanasema haya ni mahubiri. Kosa lao ni kuisoma wakisubiri visa. Ile ni kesi mahakamani. Karama ameshtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, mshitaki wake ni Waziri Majivuno, na utetezi wake ni kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe anarudi na jambo la kuifaa nchi, na kila mmoja anaishia kifungoni. Soma mjumbe mmoja kwa siku. Ukimaliza, andika mstari mmoja kwenye daftari: alileta nini, na alihukumiwa kwa hoja gani? Ukifika kwa wa nne, soma ile mistari mitatu ya juu kabla hujaendelea. Halafu kumbuka kitabu kilitoka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza, ujiulize kwa nini nchi yenyewe imewekwa hewani.

Majina pia msiyapite haraka. Kwa Shaaban Robert jina la mtu ni maelezo yake: Majivuno ni majivuno, na Utubora wa Utubora Mkulima ni utu bora.

Kamwene_Kihesa

Kamweneee. Nakubaliana na Karani, ila Kezilahabi apewe nafasi mbili mapema: Rosa Mistika (1971) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975).

Rosa Mistika iliwahi kuzuiwa shuleni, ndiyo maana watu wengi wanaijua kwa sifa yake mbaya kuliko kwa kurasa zake. Wakatoliki wa Njombe, Tosamaganga na Peramiho wana faida: jina hilo ni lile lile la litania ya Bikira Maria, "Waridi lenye fumbo, utuombee". Mtu asiyejua hilo anadhani Mistika ni jina la ukoo. Anayelijua anasoma kila hatua ya Rosa akiwa na ile sala kichwani, na ndipo kitabu kinapouma. Mkiijadili, msiishie kwenye "Rosa aliharibika". Rudini kwa baba yake, Zakaria, mhesabu kila mahali anapoinua mkono na kila mahali anapoinua chupa. Mwandishi ameweka mizani hapo.

Dunia Uwanja wa Fujo inamfuata Tumaini mpaka anapogongana na serikali juu ya shamba. Msomaji wa Iringa hawezi kupita kurasa za mwisho bila kukumbuka Isimani, Krismasi ya 1971, Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Klerruu alipouawa shambani kwa Mwamwindi. Sisemi mwandishi alikichukua kisa pale. Nasema someni mkiwa mnajua tarehe: tukio 1971, kitabu 1975, na Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu vijijini, iko katikati.

Mzuka_wa_Soko_Matola

Ongezeni Kinjeketile na Mukwava wa Uhehe. Watu wa Nyanda za Juu tunakosaje kumsoma Mkwawa?

Kamwene_Kihesa

Mkuu, hizo ni tamthilia zote mbili, ya Ebrahim Hussein na ya Mulokozi. Nzuri sana, lakini kikundi kimeomba riwaya. Ukitaka mkono wa kwetu kwenye riwaya, mtafute Chachage Seithy Chachage, mtu wa Njombe: Almasi za Bandia na Makuadi wa Soko Huria. Hiyo ya pili (2002) ina uzito wa historia na siasa za uchumi. Msiipange mwezi wa mavuno. Na yupo Mung'ong'o na Mirathi ya Hatari (1977), kijana anayerithishwa uchawi na baba yake. Hiyo inasomwa siku tatu na inabishaniwa mwezi.

Dada_Mswahilina

Mimi naleta pingamizi kidogo. Orodha ya Kiswahili peke yake haitoshi kwa mtu anayetaka kujua riwaya ni nini duniani. Lakini si lazima mruke moja kwa moja kwenye Kiingereza kigumu, kwa sababu tafsiri zipo: Shujaa Okonkwo ya Chinua Achebe (tafsiri ya Clement Ndulute, 1973), Shamba la Wanyama ya George Orwell (Fortunatus Kawegere, 1967), Wema Hawajazaliwa ya Ayi Kwei Armah (Abdilatif Abdalla), Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ, na Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Nobeli. Peponi isomwe baada ya riwaya mbili za Zanzibar, ili sikio liwe limezoea Kiswahili cha huko.

Mrusi mmoja tu kwa mwaka anatosha: Crime and Punishment ya Dostoevsky, 1866. Kinachowashinda watu pale ni majina, falsafa inavumilika. Mhusika mkuu ni Rodion Romanovich Raskolnikov. Rodion ni jina lake, Romanovich maana yake mwana wa Roman, Raskolnikov ni la ukoo, na mama yake anamwita Rodya. Msomaji anafika ukurasa wa hamsini akidhani ni watu watatu. Kwani huku kwetu hakuna mtu anayeitwa Mwakalinga kazini, Baba Neema mtaani na Ambakisye kwa bibi yake? Kata kadi ya karatasi, andika kila mhusika na majina yake yote kwenye mstari mmoja, itumie kuwa alama ya ukurasa. Kadi hiyo hiyo ikae ndani ya kitabu kwa msomaji anayefuata.

War and Peace achaneni nayo mwaka huu. Ina sura 361. Anayeitaka asome sura moja kila siku, mwaka ukiisha naye amemaliza, lakini hilo ni jambo la mtu peke yake.

Mwana_Uyole

Ahsanteni sana. Dada, hapo kwenye vitabu vya Kiingereza: vya mitumba vya kule Mwanjelwa na Kabwe ni bei nafuu, lakini tunaambiwa vingi vimefupishwa. Mtu anajuaje akiwa amesimama mezani kwa muuzaji?

Dada_Mswahilina

Hesabu sura. Unene haukuambii kitu, karatasi nene inadanganya. Things Fall Apart ina sura 25. Jane Eyre 38, Great Expectations 59, Pride and Prejudice 61, The Count of Monte Cristo 117. Ukikuta Monte Cristo ya sura 20 na picha za wino, hiyo ni ya watoto wa shule, na pengine nyuma ina orodha ya msamiati na maswali. Si dhambi kuisoma, ila usiseme umemsoma Dumas.

Angalizo moja: baadhi ya matoleo ya zamani yamegawanywa juzuu, na kila juzuu inaanza tena sura ya kwanza. Pride and Prejudice ikikuonyesha sura 19 mwishoni, tazama kama juu imeandikwa juzuu ya tatu kabla hujairudisha mezani.

Fundi_Jalada

Naongezea upande wa nakala zenyewe, za mitumba na za fotokopi.

Kitabu cha kiwandani hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi kurasa 16 au 32. Kwa hiyo kosa la kiwandani haliondoki na ukurasa mmoja, huondoka na fungu zima. Usipekue ovyo. Fungua 16, 32, 48, 64 na kuendelea, tazama kama namba zinafuatana pande zote mbili. Dakika mbili zinatosha. Fungu linaweza pia kurudiwa mara mbili mahali pa lile lililokosekana, kitabu kikawa na unene ule ule.

Fotokopi zina ugonjwa mwingine: ukingo wa ndani unamezwa na mkunjo, herufi mbili tatu za kila mstari zinapotea. Fungua katikati ya kitabu, ndipo mkunjo ulipo mkali zaidi. Kama pale pote panasomeka, kwingine hapana shida. Halafu chapa halali za Shaaban Robert bado zinatoka, kwa hiyo kudurufu Kusadikika ni kumwibia mchapishaji bure.

Walioko Tukuyu na Rungwe kwa jumla: mvua ya huko inalea ukungu. Rafu isigusane na ukuta wa nje, acha upana wa vidole vinne hewa ipite. Msivifunge kwenye mifuko ya plastiki mkidhani mnavikinga. Unyevu ulioingia na kitabu unabaki humo humo, na baada ya wiki kadhaa mnakuta madoa ya kahawia. Kilichopata ukungu kianikwe kivulini penye upepo, kikaukie kwanza, ndipo kipanguswe kwa brashi laini nje ya nyumba. Ukipangusa kikiwa kibichi unaupaka ndani ya karatasi.

Karani_wa_Vitabu

Na kabla hamjanunua chochote, piteni maktaba ya mkoa, Mbeya na Iringa zote zipo. Msiulize "mna riwaya?" maana mtaonyeshwa vitabu vya kiada. Ulizeni rafu kwa namba: fasihi ya Kiswahili ni 896.392, riwaya za Kiingereza 823, Warusi 891.73, Wafaransa 843. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza itafuteni hapo kwanza, kwa sababu madukani ni adimu. Aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza 1945, akaitafsiri mwenyewe, ikachapwa kwa Kiswahili 1980. Mzee akafariki 1981. Ni juzuu mbili. Msiisubirie kisa kikimbie. Inaeleza mgeni anavyopokelewa na dawa inavyotafutwa, hatua kwa hatua, na ndiyo thamani yake. Kurasa tano kwa siku zinatosha.

Kwa riwaya za Zanzibar (Kuli na Vuta N'kuvute za Shafi Adam Shafi, Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, Utengano ya Said Ahmed Mohamed), wekeni Kamusi ya Kiswahili Sanifu mezani, lakini tahadhari ni kwa maneno mnayodhani mnayajua. Mtoto wa miaka saba akienda "chuo" hajapata udahili, yuko madrasa. "Skuli" ndiyo shule. "Kiambaza" ni ukuta. Mtu wa bara anapita "chuo" bila kusimama, kisha anashangaa umri wa mhusika haujumliki.

Utangulizi wa mhakiki usomeni mwisho. Wengi wanamwaga siri yote kwenye ukurasa wa tatu.

Mwana_Uyole

Imekaa hivi: Mzimu wa Watu wa Kale, Kusadikika, Rosa Mistika, Kuli, Shujaa Okonkwo, Dunia Uwanja wa Fujo, Utengano, Peponi, Mrusi wa Dada, Myombekere. Nagona mwaka kesho. Mwenzetu mmoja anauliza: Vuta N'kuvute ameshaona filamu yake, je, ahesabiwe ameisoma?

Dada_Mswahilina

Ile ya Amil Shivji ya 2021? Filamu nzuri, ila ni ya saa moja na nusu. Mpeni kitabu, mwulizeni Bukheti ni nani.