Kamba koche wazima (wa hai) kwa Dodoma wanapatikana wapi? Ni kwa chakula cha mwaka mpya

Bi_Ilazo

Habari za humu wakuu. Naomba mnisaidie mapema kabla sikukuu hazijatufikia. Nipo Dodoma, Ilazo, na usiku wa mwaka mpya nategemea wageni kama kumi hivi, mgeni mkuu akiwa mama mkwe. Mama ni mtu wa Kilwa, kazaliwa na kukulia pwani, sasa umri umeenda na magoti hayamruhusu tena safari ndefu ndiyo maana tumemleta akae na sisi, na kila samaki akiwekwa mezani yeye anaanza kusimulia kamba koche, wale kamba wakubwa wa baharini. Tulishamletea mkia wa friza akala kwa adabu tu, akasema ladha imeshakwenda, yeye anataka aliyeingia jikoni bado anapiga mkia.

Mume wangu anasema haiwezekani, Dodoma na bahari wapi na wapi. Mimi nasema huu ni mji mkuu na vitu vyote vinafika, lazima kuna njia. Kwa hiyo swali langu, kuna mtu au duka hapa mjini anauza wazima? Na kama hakuna niagize sehemu gani ya pwani na wasafirishwe vipi mpaka wafike hai? Hela nimeiwekea akiba, sitaki tu niitupe kwenye mzigo uliooza.

Mnyaturu_Halisi

Dada yangu, soko la Majengo na lile la Job Ndugai kule Nzuguni nazunguka sana maana nina mgahawa. Perege na kambale wa bwawa la Mtera wapo, sato na sangara wa ziwani wa barafu wapo, dagaa usiseme. Kamba koche mzima sijamuona kwenye meza ya mtu hata mara moja. Pweza na kamba wadogo waliogandishwa utawapata kwa wenye mafriza. Usihangaike na boda kuzunguka mji, wa hai hapa ni wa kuletewa kwa oda tu.

Feri_Alfajiri

Dada Ilazo mwambie shemeji inawezekana, ila inataka mipango. Mimi nimekulia kwenye biashara ya samaki Dar na hawa wadudu wanasafirishwa kwa ndege wakiwa hai mpaka China huko, sasa Dodoma ya kilomita 450 hivi itashindikanaje.

Kwanza usitafute duka, tafuta mtu. Pale soko la samaki la Feri Magogoni wapo watu ambao kazi yao ni kamba koche na kaa tu, na wanapokea mzigo kutoka Mafia, Kilwa, Bagamoyo na hapo hapo Dar. Kama una ndugu Dar mtume aende alfajiri wakati wa mnada akaongee na mtu uso kwa uso, aeleze kabisa kwamba unataka wazima wa kusafiri siyo wa kuliwa leo. Hiyo tofauti ni kubwa sana. Kuna anayepigwa mkuki na kuna anayekamatwa kwa mkono au kwa wavu, wa mkuki hata akiwa bado anacheza cheza pale sokoni ana tundu, anavuja, hafiki hata Chalinze. Wa kusafiri anatakiwa awe na gamba zima, miguu yote, na ukimnyanyua anakunja mkia kwa nguvu kupapapa! Akining'inia mkia umelegea muache hata akupunguzie bei vipi.

Pili angalia mwezi. Kamba koche mchana anajificha kwenye miamba, anatoka usiku kutafuta chakula, na usiku wenye giza anatoka zaidi kuliko mbalamwezi ikiwa kali. Halafu kwenye bamvua (siku za maji kujaa na kupwa sana) maji yakikauka sana wavuvi wanafika kwenye miamba kwa urahisi. Kwa hiyo kama mwaka mpya unaangukia mbalamwezi weka oda mapema zaidi, muuzaji mzuri anaweza kukutunzia wakiwa kwenye kizimba ndani ya bahari. Uzuri Disemba ni msimu wa upepo wa kaskazi, bahari imetulia kuliko wakati wa upepo wa kusi, mzigo unapatikana. Ubaya ni kwamba mahoteli ya Zanzibar na Dar yote yanautaka mzigo huo huo kwa hiyo bei inapanda, patana siku unayoweka oda na utoe kianzio.

Tatu ndiyo safari yenyewe, na hapa ndipo watu wengi wanawaua. USIWAWEKE KWENYE NDOO YA MAJI. Najua inaonekana ndiyo akili lakini maji ya ndoo hewa inaisha haraka na wanakufa kwa kukosa pumzi. Nje ya maji wanapumua vizuri tu ilimradi mashavu yao yabaki na unyevu na wao wawe kwenye ubaridi. Chukua deli, tandika gunia la katani au magazeti yaliyoloweshwa maji ya bahari (ya bahari, siyo ya bomba), wapange mkia umekunjwa, funika na gunia lingine bichi, juu weka chupa za plastiki zilizogandishwa zikiwa zimefungwa kwenye taulo. Barafu isiwaguse na isiyeyukie juu yao maana maji yasiyo na chumvi yanawamaliza. Deli lisizibwe kabisa, acha pahali pa hewa. Ubaridi uwe wa kuwatuliza walale, siyo wa kuwagandisha. Wakipangwa hivyo wanakaa hata siku nzima.

Bi_Ilazo

Asante sana kaka yangu Feri, Mungu akubariki, nimemsomea mume wangu na kanyamaza. Maswali mawili. Je basi au treni ya SGR? Na wakishafika nawahifadhi vipi mpaka jioni, maana maji ya bomba hapa kwetu yenyewe yana chumvi chumvi, siwezi kuwaweka kwenye beseni?

Feri_Alfajiri

SGR bila kufikiria mara mbili. Tangu ianze kufika Dodoma mwaka 2024 safari ni kama masaa manne, na ile ya haraka ni chini ya hapo, behewa lina ubaridi. Basi ni kutwa nzima, na kwenye buti la basi kuna joto la injini na jua la Gairo, hapo hata deli zuri linazidiwa. Ila ulizeni stesheni mapema kuhusu mzigo wa samaki, mambo ya harufu na kuvuja hawayapendi, deli lisitoe hata tone. Njia nzuri kabisa ni mtu asafiri nalo mwenyewe kama mzigo wake, aondoke na treni ya asubuhi siku hiyo hiyo ya chakula. Mkiwachukua jana yake mnajitafutia presha.

Kuhusu beseni, hapana dada. Maji ya Dodoma yana chumvi ya kuharibu chai tu, bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita moja. Waache kwenye gunia lao bichi, sehemu ya chini kabisa ya friji kwenye kabati la mboga, mpaka muda wa kupika.

Jiko_la_Kati

Niingie hapa kwa upande wa jikoni, napika hotelini hapa Dodoma na kabla ya hapo nilikuwa Tanga.

Dada sheria ya kwanza, aliyekufa njiani na hujui amekufa saa ngapi usimpeleke mezani. Siyo ubahili au kutojali hela yako. Kamba koche akifa, vimeng'enya vya kwenye utumbo wake vinaanza kula nyama yake mwenyewe haraka sana, ndiyo maana ukimpika nyama inakuwa kama uji na haishikani, na bakteria nao wanazaana. Ukimshuhudia anakufa mbele yako hapo hapo kata kichwa, toa ule mshipa mweusi, osha mkia na upike mara moja au ugandishe.

Kwa hesabu ya kununua, mkia ni kama theluthi tu ya uzito wote. Wa kwetu hana gando. Wale wenye magando mawili makubwa wanaoonekana kwenye video ni wa maji ya baridi ya Atlantiki, Maine na Kanada huko, wale mpaka magando yao yanaliwa, kwetu ni miiba na masharubu marefu, nyama karibu yote ipo mkiani. Kwa hiyo mwenye nusu kilo ni mtu mmoja, wa kilo moja pasua katikati wale wawili. Watu kumi chukua kilo tano mpaka sita na uongeze kidogo kwa ajili ya watakaokufa.

Kupika sasa. Waweke friza dakika ishirini mpaka nusu saa kwanza walale, inawapunguzia mateso na wewe hupigwi na mkia. Sufuria kubwa, maji mengi, chumvi ya kutosha mpaka yaonje kama bahari. Wa nusu kilo kwa pwani tunahesabu dakika kumi tangu maji yarudi kuchemka, ila Dodoma tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na maji yanachemkia kwenye nyuzi 96 hivi, ongeza dakika moja au mbili. Gamba likiwa jekundu lote na nyama ni nyeupe imeshika, toa. Ukizidisha inakuwa mpira.

Lakini kwa mama wa Kilwa mimi nisingechemsha mpaka mwisho. Chemsha nusu muda, pasua urefu, paka kitunguu saumu, ndimu, pilipili mbuzi na chumvi, malizia kwenye jiko la mkaa gamba likiwa chini huku unamwagia tui zito la nazi kidogo kidogo. Nazi ya kukuna, siyo ya pakiti. Wali wa nazi pembeni na kachumbari basi, usijaze viungo vya pilau hapo utaua ladha uliyoihangaikia kutoka pwani.

Sista_wa_Wodi

Ongezeni hili wapendwa, waulizeni wageni kuhusu aleji. Huku bara mtu anaweza kufika miaka 40 hajawahi kuonja kamba wala kaa na hajui mwili wake utafanyaje. Akishaanza kuvimba midomo, kuwashwa mwili mzima au kubanwa kifua hiyo ni ya kukimbiza hospitali muda huo huo, siyo ya kumpa maziwa. Na aliyewahi kudhurika na kamba wadogo au kaa asiguse na huyu pia. Halafu kama kuna Wasabato kwenye hao kumi hawali kabisa, ni mambo ya imani, andaa kuku wa kienyeji au perege pembeni ili mtu asikae na sahani tupu usiku wa sikukuu.

Mgogo_wa_Mvumi

Mimi nina maoni tofauti kidogo na naomba yapokelewe. Hela hiyo yote ya kamba wachache wakati Mtera ipo hapo barabara ya Iringa, unafika asubuhi unachagua perege bado anaruka, bei ya kawaida, na pesa inabaki kwa wavuvi wetu. Kwa wageni wengine wote tisa ningefanya hivyo na kamba koche ningeleta wawili watatu tu wa mama. Yeye ndiye anayewajua.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Mkimwambia muuzaji mwambieni hamtaki jike lenye mayai. Yanaonekana chini ya mkia, rangi ya chungwa au kahawia kama shanga ndogo nyingi zimeshikana. Jike moja linabeba malaki ya mayai. Nilikaa Mafia kikazi, wazee wanasema zamani walikuwa wanawaokota kwenye miamba kwa miguu maji yakikauka, siku hizi kijana anazama mbali na anarudi na wadogo wadogo. Wadogo nao msichukue.

Feri_Alfajiri

Mkuu wa Mvumi hapo umesema kweli tupu na nakuunga mkono. Muuzaji mwenye jike la mayai anajua kabisa, anaweza hata kuyakwangua yasionekane, ndiyo maana ndugu yako awepo pale mwenyewe ageuze kila mmoja. Ukikuta chini ya mkia pamekwanguliwa mrudishe.

Bi_Ilazo

Wakuu nimeelewa na nimepanga hivi. Mdogo wake mume wangu yupo Temeke, ataenda Feri wiki moja kabla kuongea na mtu na kutoa kianzio, halafu tarehe 31 asubuhi anapanda SGR na deli mwenyewe kwa sababu hata yeye anakuja kula. Nachukua wanne tu wakubwa, wageni wengine perege wa Mtera na kuku, na mwenzetu mmoja kazini ni Msabato kweli, asante Sista. Mama nimemwambia leo, kaanza kuniuliza nazi nitanunua kwa nani.

Kisasa_Mwanzo

Dada mimi nipo Kisasa, kama deli lina nafasi naomba uniunganishie na wangu wawili wa kilo kilo, kianzio natuma leo na nauli tunagawana. Nitakuja stesheni mwenyewe kuwachukua na gunia bichi.

Bi_Ilazo

Nafasi ipo, njoo inbox tupange.