Ukuta wa kituo cha sanaa mtaani: wakazi washirikishwe vipi kabla ya siku ya uzinduzi?

mtaa_wa_pili:
Wakuu, salaam. Kituo chetu cha sanaa kipo uswahilini, Temeke. Tuna ukuta wa nje unaotazama barabara: urefu mita 14, kimo mita 2.4, tofali za saruji zenye plasta ya zamani. Kuna fungu dogo la kuuchora. Wasanii wanataka wachore wenyewe wiki moja, kisha wakazi waitwe kwenye uzinduzi. Baadhi yetu tunaona huo si ushirikishwaji, ni mwaliko wa pilau. Wakazi waingie hatua ipi? Mchoro uamuliwe vipi bila vurugu? Na watu sitini wasiojua kuchora washike brashi vipi kazi isiharibike? Halafu sehemu ya chini ya ukuta inatoa unga mweupe, sijui kama unahusika.

kijiwe_na_brashi:
Waingie kabla hakijachorwa kitu chochote. Mkazi aliyeitwa kujaza rangi kwenye mchoro uliokwisha kuamuliwa ni kibarua asiyelipwa.

Lakini msiitishe mkutano mmoja na kuuliza "mnataka mchoro gani?" Mtajibiwa Mlima Kilimanjaro, twiga na bendera, maana watu wanawapa jibu wanalodhani mmekuja kulitafuta. Wafuateni walipo: kijiwe cha kahawa jioni, kikoba siku ya kikao chao, saluni, bombani asubuhi, maegesho ya bodaboda. Ulizeni vitu vinavyoshikika: hapa mtaani palikuwa na nini ambacho sasa hakipo? Mgeni akipotea mnamwelekeza kwa kutumia alama gani? Kitu gani hamtaki watoto wakione ukutani kila siku? Swali hilo la mwisho ndilo linalookoa ugomvi wa baadaye.

Kila jibu liandikwe kwenye kadi yake, kwa maneno ya msemaji. Kadi zibandikwe kituoni na zipangwe na wakazi wenyewe, wasanii wakisikiliza. Hapo wasanii watoe rasimu tatu, zitundikwe nje wiki nzima, chini ya kila moja kopo lenye tundu. Kila mtu apewe kizibo kimoja cha soda apige kura. Vihesabiwe hadharani. Na muhimu kuliko kura: bandikeni karatasi inayosema mawazo gani yameachwa na kwa nini. Watu wanavumilia kushindwa, hawavumilii kupuuzwa.

Hili si jambo geni kwetu. Kijijini Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Kenya, mwaka 1977, mazoezi ya mchezo wa kuigiza yalifanyika wazi, na wanakijiji waliokuwa wakitazama walisahihisha lugha na matukio. Jukwaa lenyewe walilijenga wao. Mchezo ulipigwa marufuku mwaka huohuo na jukwaa likabomolewa 1982. Watu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao walifanya kazi ya namna hiyo Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980: kwanza kuchunguza matatizo pamoja na wakazi, ndipo kuigiza, kisha mjadala.

Fundi_Rangi_Mbagala:
Naongelea ukuta tu. Huo unga mweupe ni chumvi, na ndio utakaowaua. Maji yanapanda kutoka chini au yanaingia kwa nyuma, yakikauka yanaacha chumvi juu ya plasta. Ukipaka rangi hapo, inabanduka kama ganda la kitunguu.

Pimeni hivi: bandikeni nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, mzibe pande zote nne kwa tepu, muiache saa 24. Matone yakiwa upande wa ndani, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa nje tu, ni hewa ya Dar.

Tafuteni chanzo. Mara nyingi ni udongo uliorundikana kwenye msingi, au maji ya bati yanayomwagikia hapohapo. Ondoeni udongo, elekezeni maji kwingine, ukuta ukauke. Chumvi ikwanguliwe kwa brashi ngumu ikiwa KAVU. Ukiosha kwa maji unaiyeyusha na kuirudisha ndani. Plasta iliyokufa ibomolewe, ipigwe mpya, isubiri wiki nne kabla ya rangi. Msizibe kwa rangi ya mafuta. Inafungia unyevu ndani na kutoa malengelenge. Praima (rangi ya kutangulia) ya kuzuia alkali ya saruji mkono mmoja, kisha nyeupe ya maji ya nje mikono miwili.

Ukuta wenu ni kama mita za mraba 34. Kwenye plasta hesabu lita moja kwa mita za mraba 8, yaani zaidi kidogo ya lita 4 kila mkono. Ndoo moja ya lita 20 ya hiyo nyeupe inatosha mikono miwili, inayobaki ni ya kuchanganyia. Sentimita 40 za chini pakeni rangi moja ya giza, bila mchoro. Tope la masika litarukia hapo.

gridi50:
Kuhusu watu sitini: ukitoa zile sentimita 40, mnabaki na mita 2 za kuchora. Pigeni miraba ya sentimita 50 kwa kamba ya chaki, mnapata safu 28 kwa mistari minne, miraba 112. Rasimu iwe na miraba ya sentimita 5, kwa hiyo kila mraba wa karatasi una mwenzake ukutani. Wasanii wachore mistari ya nje, na ndani ya kila umbo waandike namba ya rangi kwa chaki.

Rangi zisizidi kumi. Zichanganywe zote kabla, kwenye makopo yenye vifuniko, namba juu. Ikiisha katikati hamtaipata tena ileile, hasa kwa kuwa rangi ya maji ikikauka inakolea kidogo kuliko ilivyo kwenye kopo. Andikeni kipimo kwenye kifuniko, na lita moja ya kila rangi ibaki stoo kwa matengenezo.

Mtu mmoja kwa kila mita moja, hivyo zamu isizidi watu 12 na wasimamizi wawili. Anzeni saa 12 na nusu asubuhi, mpumzike jua likishaufikia ukuta. Rangi ikikaukia kwenye brashi inaacha michirizi. Mgawieni kila mtu rangi robo kikombe, si kopo zima. Watoto mistari ya chini, hakuna mtoto ngazini. Nyuso na maandishi wafanye wasanii. Ila wasipitie kazi yote ya wakazi usiku na kuipaka upya! Mama aliyepaka jani anajua jani lake lilivyokuwa.

posho_kwanza:
Mmesahau hela. Tangazeni siku ya kwanza nani analipwa na nani halipwi. Mjadala wa saa mbili unatosha chai na vitafunwa. Fundi anayebomoa plasta siku tatu alipwe kama fundi, hata akiwa mkazi. Mkiliacha hilo hewani, maneno yataanza kwamba kituo kimekula pesa ya mfadhili.

Pia barua ya mwenye ukuta, itaje miaka mchoro utakayokaa, na nakala kwa mtendaji wa mtaa. Mfadhili akitaka nembo, ukubwa wake uamuliwe kabla ya pesa kupokelewa. Sura za wanasiasa walio hai, hasa karibu na uchaguzi, mimi nisingegusa hata zikishinda kura.

mtaa_wa_pili:
Shukrani sana, wakuu. Swali moja: kuna bibi zetu na wagonjwa wasioweza kusimama juani. Wanaingiaje?

gridi50:
Wapelekeeni kazi nyumbani. Philadelphia, Marekani, ambako mpango wa jiji wa michoro ya ukutani ulianza 1984, wanatumia kitambaa chepesi cha polyesta kisichofumwa, vipande vya futi 5 kwa 5. Mchoro unagawanywa kwa namba, watu wanapaka mezani, kisha vipande vinagundishwa ukutani kwa jeli ya akriliki. Kwenu vipande vya sentimita 50 vitaingia sawasawa kwenye gridi. Kitambaa kinafanana na kile mafundi cherehani wanachotia ndani ya kola, ila chagueni kisicho na gundi. Tandikeni nailoni chini, maana rangi inapenya. Jeli ipakwe ukutani na juu ya kitambaa pia, mkisukuma hewa kwa rola kutoka katikati kwenda pembeni. Msitumie gundi nyeupe ya mbao badala yake; ikipata mvua inalainika na kona zinaanza kuinuka.