Pedeli ya klachi ya MX-5 inazama mbali mno, naifupishaje?

Mguu_Mfupi

Wakuu, salaam. Nina Mazda MX-5 NB (toleo la pili) ya 2001, injini ya 1.8. Gari haina ugonjwa ninaoujua: gia zinaingia, klachi haitelezi. Shida ni pedeli. Ili niikanyage hadi mwisho lazima nisogeze siti mbele mpaka goti la kushoto liguse usukani, na wenye NB mnajua usukani wake haupandi, haushuki wala hauvutiki. Nikirudisha siti nyuma mikono inakaa vizuri, ila klachi naimalizia kwa ncha za vidole.

Kwenye mwendo wa kawaida navumilia. Kinachonikera ni pale ninapoendesha kwa kasi na kushuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili. Mguu unazama weee, wakati kazi yenyewe inafanyika kwenye kipande kidogo cha katikati. Nasikia wapo wanaoweka kizuizi chini ya pedeli, wapo wanaochezea fimbo ya masta (silinda inayosukuma mafuta ya klachi), na wengine wanabadilisha masta nzima. Nianzie wapi bila kuua gia boksi?

Spana12

Mbona rahisi mkuu. Ingia chini ya dashibodi, utaona fimbo inayotoka kwenye pedeli kwenda kusukuma masta ya juu. Legeza nati yake, zungusha fimbo irefuke, kaza. Klachi itashikia juu na hutahitaji kukanyaga hadi chini. Mimi yangu niliizungusha mpaka mchezo wote, ule mwendo mtupu wa mwanzoni mwa pedeli, ukaisha, ukigusa tu pedeli klachi imeshaanza kazi. Raha tupu.

Kibao_Cha_Mbele

Kabla ya yote toa kapeti. Nimeshaona mtu anahangaika na klachi mwezi mzima, kumbe kaweka kapeti mbili.

Bi_Gia

Spana12 kaka yangu, hapo kwenye kumaliza mchezo wote nakupinga, na Mguu_Mfupi naomba usiifuate hiyo.

Ndani ya masta ya juu kuna kitundu kidogo kinachounganisha silinda na kikopo cha mafuta. Ukiachia pedeli, pistoni inarudi hadi mwisho na kitundu kinabaki wazi. Injini ikipata moto mafuta yanatanuka, yanapanda zake kikoponi, hakuna anayejua. Sasa fimbo ikiwa ndefu kiasi cha kuizuia pistoni isirudi mwisho, kitundu kinabaki kimezibwa. Mafuta yanatanuka na hayana pa kwenda isipokuwa kusukuma masta ya chini, ile silinda ya kwenye gia boksi inayoachisha klachi. Gari inakuwa kama ina mtu aliyeweka mguu kwenye klachi safari nzima. Asubuhi ikiwa ya baridi iko sawa, ikipata joto inaanza kuteleza kwenye gia kubwa, na wewe unaenda kununua klachi pleti mpya wakati kosa ni mizunguko michache ya fimbo.

Kuna na la pili. Klachi pleti inavyolika, vidole vya presha pleti (sahani inayoibana klachi pleti) vinasogea kuelekea rilizi beringi, beringi inayovisukuma, na kurudisha mafuta nyuma kidogo kidogo. Ndivyo klachi ya mafuta inavyojirekebisha yenyewe bila fundi kuigusa. Ukiziba ile njia, umeua na hilo.

Kwa hiyo mchezo wa juu lazima ubaki. Ni milimita chache tu, kipimo chake kipo kwenye kitabu cha gari. Ujaribu kwa kidole, si kwa mguu. Mguu hausikii. Weka kidole kwenye pedeli, sukuma polepole: kuna kipande chepesi kabisa mwanzoni, halafu unahisi imegusa kitu. Hicho kipande chepesi ndicho unachokilinda.

Sasa swali langu kwako Mguu_Mfupi: unataka kukata upande gani? Pedeli ina sehemu tatu. Juu kuna mchezo. Katikati ndipo klachi inapoachia na kushika. Chini kuna njia ya ziada ambayo klachi imeshaachia zamani na wewe bado unakanyaga. Tatizo lako kwa maelezo yako liko chini, mguu haufiki. Fimbo haiondoi njia ya chini, inapandisha tu mahali klachi inaposhikia. Pedeli itaendelea kwenda kugonga mwisho ule ule isipowekewa kitu cha kuizuia.

Spana12

Yangu haijawahi kuteleza lakini.

Bi_Gia

Pandisha mlima mrefu na gia ya tano siku ya joto, kisha utupe majibu 😄

Mzee_Flaiwili

Nimwongezee kijana habari ya masta kubwa, maana ameigusa. Masta ya juu yenye tundu pana inasukuma mafuta mengi zaidi kwa kila milimita ya pedeli, hivyo pedeli inakuwa fupi kweli. Lakini haiji bure. Chukua mfano wa kutoka tundu la 15.87 mm kwenda la 19.05 mm. Eneo linaongezeka mara 1.44. Njia ya pedeli inashuka hadi kama asilimia 69 ya ile ya zamani, na uzito unapanda kwa asilimia 44. Kwenye foleni utaujua huo uzito. Halafu eneo la kushikia nalo linabanwa kwa kiwango hicho hicho, kwa hiyo kuondoka taratibu kunakuwa kazi, gari inaruka kama ya mwanafunzi. Na ukikanyaga hadi chini unasukuma vidole vya presha pleti kupita vilivyotengenezewa, ambayo ni njia nzuri ya kuviharibu. Masta kubwa bila kizuizi cha chini mimi siifungi kwenye gari ya mtu.

Kwa mtu ambaye shida yake ni mguu kutofika, hiyo ni gharama isiyo na sababu. Weka kizuizi.

Mguu_Mfupi

Asanteni sana, hasa dada Bi_Gia. Kweli upande wangu ni wa chini. Sasa kizuizi kinakaa kwenye urefu gani? Nisije nikaweka kirefu, klachi isiachie vizuri.

Bi_Gia

Huo ndio wasiwasi sahihi. Klachi isipoachia yote, shafti ya gia boksi inaendelea kuburutwa na injini, na kila gia unayoingiza ni sinkronaiza, zile ringi zinazolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia, ndizo zinazolipa. Hutasikia leo. Utasikia gia ya pili ikianza kukwaruza baadaye.

Kwanza hakikisha mfumo wa mafuta ni mzima, la sivyo utapima uongo. Masta ya chini ya MX-5 NA na NB inajulikana kwa kuvuja. Ingia chini ya gari, inua ile raba inayofunika fimbo yake. Ikiwa kavu, vizuri. Ukikuta unyevu mweusi, acha habari ya kizuizi, badilisha masta kwanza. Mafuta kikoponi yakiwa ya rangi ya chai ya rangi, yatoe, weka mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, toa upepo. Upepo kwenye bomba unakula njia ya pedeli bila kusukuma chochote, na wengi wanaolalamika pedeli ni ndefu wanaugua huo tu.

Halafu tafuta vibao vya mbao vya unene tofauti. Endesha gari mpaka ipate joto, nenda mahali tambarare pasipo na mtu mbele wala nyuma. Weka kibao sakafuni chini ya pedeli, anza na chembamba. Kanyaga hadi kibao, ingiza gia ya kwanza, achia handibreki huku mguu wa kulia uko tayari kurukia breki, pandisha mzunguko wa injini kidogo. Gari isitambae hata kidogo. Kisha jaribu rivasi: kanyaga, subiri sekunde kadhaa, ingiza. Iingie kimya. Ongeza unene mpaka uone dalili ya kwanza ya kutambaa au rivasi kulalamika. Hapo umejua klachi inaachia wapi. Kizuizi cha kudumu kiweke chini ya hapo kwa sentimita moja na nusu hivi, usibane. Vibao ni vya kupimia gari ikiwa imesimama. Usiende navyo barabarani, kikiteleza chini ya pedeli ya breki huna gari tena.

Kibao_Cha_Mbele

Na kama gari yako ni zile zisizowaka mpaka ukanyage klachi, angalia ile switchi. Kizuizi kinaweza kuzuia pedeli isiifikie, ukabaki unageuza ufunguo gari kimya. Isogeze switchi au ubandike kipande cha plastiki ngumu pale inapoguswa. Usiunganishe waya kuipita, siku utakapowasha ikiwa ndani ya gia itakukumbusha.

Mguu_Mfupi

Mrejesho wakuu. Raba ya masta ya chini ilikuwa kavu ila mafuta yalikuwa meusi, nimeyabadilisha na kutoa upepo. Hapo tu pedeli ilibadilika, klachi ikaanza kushikia juu zaidi. Kisha nikapima kwa vibao: gari inaanza kutambaa pedeli ikizuiwa sentimita 5 kutoka sakafuni, kwa hiyo nimeweka kizuizi cha sentimita 3 na nusu. Ni boliti yenye kichwa cha raba ngumu, imepita kwenye bamba la chuma na kufungwa kwa nati mbili ili niweze kuipandisha na kuishusha. Fimbo sijaigusa, mchezo wa juu upo.

Siti imerudi nyuma na goti limeachana na usukani. Kushuka gia nako kumekuwa kwepesi. Swali dogo: nikikanyaga kwa nguvu nasikia bamba linabonyea kidogo. Ni kawaida?

Mzee_Flaiwili

Si kawaida, liongezee nguvu. Siku ya dharura utakanyaga mara kadhaa ya nguvu unayotumia sasa. Weka bamba pana zaidi, ligawe mzigo sakafuni, na usitoboe kabla hujachungulia upande wa pili kuna nini. Wengine wametoboa bomba la breki.

Bi_Gia

Naunga mkono. Na nati mbili umefanya vizuri, maana hiyo boliti utaishusha tena. Raba za masta zikizeeka, mahali pa kuachia panashuka taratibu na ile sentimita moja na nusu inaliwa. Kila ukibadilisha mafuta rudia jaribio la kutambaa, injini ikiwa ya moto.

Spana12

Jamani nimepandisha mlima. Bi_Gia, ule mchezo unasema ni milimita ngapi?