Kimondo kisichoshika sumaku, ni kimondo kweli?

Broka_Ngarenaro:
Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa hapa Arusha tunajuana kwenye mambo ya mawe, kaniletea kipande kama robo ya kiganja, kimekatwa bapa kikasuguliwa upande mmoja, anasema kimondo cha jangwani Algeria kinaitwa Erg Chech 002. Mimi nimezoea mawe ya Mererani, vimondo najua kile cha Mbozi tu ambacho ni chuma kitupu. Sasa hiki sumaku haishiki kabisa, ndani kijivu, kina chembe za kijani kama peridoti na moja ndefu kama njiti ya kiberiti. Karatasi imeandikwa "akondraiti isiyo na kundi". Sasa kama wataalamu wenyewe wameshindwa kukipangia kundi si kanjanja hiyo? Anataka hela ndefu, nisaidieni nisije nikaingia mkenge.

Mzee wa Majengo:
Sumaku haishiki? Kimbia mdogo wangu.

JiweJiwe_Moshi:
Shikamoo mzee, ila hapo umempoteza. Mbozi ni chuma na nikeli, tani kama 16, lazima sumaku ing'ang'anie. Erg Chech 002 ni kitu kingine, kiliokotwa 2020 kwenye mchanga kule vipande vipande, jumla karibu kilo 32, na asili yake ni lava, yaani kule kilikotoka jiwe liliyeyuka na chuma kingi kikabaki chini, ndio maana sumaku hailioni. Ndani kuna madini ya feldispa yenye sodiamu nyingi, halafu madini ya pairoksini ya aina mbili, ojaiti na pijonaiti, silika kama asilimia 58 hivi, kwa hiyo ni andesaiti, yaani jiwe la lava lenye silika nyingi kuliko basalti. Hapo ndipo utamu ulipo maana vimondo vingi vya lava ni basalti, feldispa yake ya kalsiamu. Umri miaka bilioni 4.565, yaani lava imeganda dunia yetu haijamaliza hata kuumbika, mie hiyo huwa inanitoa jasho!

Hizo kijani siyo peridoti mkuu, nyingi ni pairoksini. Peridoti ni olivini, haina mpasuko wa maana. Chukua lenzi yako uangalie upande ambao haujasuguliwa, pairoksini inapasuka njia mbili zinazokaribia pembe mraba.

Akondraiti ni kimondo cha mawe ambacho asili yake iliwahi kuyeyuka, na "isiyo na kundi" siyo tusi. Ili kundi lipatikane vinatakiwa angalau vimondo vitano vinavyofanana, huyu hana ndugu wa kutosha.

dadaWaKaloleni:
Naongezea, jina kuwa la kweli siyo kwamba kipande ni chenyewe, karatasi hata mimi naichapa stesheneri. Maabara ndiyo inapima, na jina likipitishwa lazima sampuli ya gramu 20 au asilimia 20 ibaki kwenye taasisi. Muulize kakinunua kwa nani, na huyo naye alikitoa wapi.

Broka_Ngarenaro:
Asanteni sana. Nimeangalia na lenzi, ile njiti imepasuka kama alivyosema wa Moshi, nikaanza kulainika. Nikampigia nimuulize alikokitoa, kwanza akasema Moroko, nilipomwomba jina la muuzaji akanyamaza kidogo, sasa hivi kanitumia meseji eti mjomba wake alikiokota Simanjiro akichunga ng'ombe.

Mzee wa Majengo:
Nilisema kimbia.